Ulinzi wa Kompyuta ya Kazi za Mbali: Diski na Funguo (Sehemu ya Pili)

Sehemu iliyotangulia ilieleza uchaguzi wa mfumo wenyewe, iwe ni Debian, Fedora au mkusanyo mwingine wa programu za Linux wenye watunzaji wanaoaminika. Sehemu hii inahusu mambo mawili ambayo anayefanya kazi mbali na ofisi hana budi kuyakamilisha kabla kompyuta yake haijagusa seva za mwajiri, nayo ni usimbaji wa diski na utunzaji wa funguo.

Kusimba ni kuigeuza data kwa kanuni za hesabu hata isisomeke na yeyote asiye na ufunguo. Katika Linux kazi hiyo hufanywa kwa utaratibu uitwao LUKS, ambao ndani yake, kinyume na wengi wanavyodhani, si nywila ya mtumiaji inayoisimba diski. Diski husimbwa kwa ufunguo mkuu unaozalishwa kwa nasibu wakati wa kusakinisha mfumo, na nywila hufungua tu nakala ya ufunguo huo iliyofungiwa katika eneo dogo mwanzoni mwa diski. Ndiyo maana nywila hubadilishwa kwa sekunde chache bila diski nzima kusimbwa upya, na ndiyo maana pia diski moja inaweza kuwa na nywila kadhaa, mojawapo ikiwa ya dharura, iliyoandikwa kwenye karatasi na kufungiwa kabatini. Lakini eneo hilo dogo likiharibika, hata mwenye nywila sahihi hapati kitu, hivyo nakala yake huhifadhiwa nje ya kompyuta, jambo ambalo miongozo mingi hulitaja kwa kupita tu ilhali lilistahili kuwa la kwanza.

Toleo la pili la LUKS hutumia Argon2, kanuni iliyoshinda mwaka 2015 katika mashindano ya kimataifa ya kutafuta njia bora ya kulinda nywila. Kanuni hiyo hudai kwa makusudi kumbukumbu nyingi ya kompyuta kila nywila inapojaribiwa, ili anayebahatisha kwa mitambo mingi agharimike kwa kila jaribio. Gharama hiyo haiwezi kuiokoa nywila ambayo ni jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa. Maneno sita yaliyookotwa kwa nasibu kutoka orodha ndefu hutosha na hukaririka.

Ulinzi huu wote ni wa kompyuta iliyozimwa. Ikiwa imewashwa, au imelazwa tu kwa kufunikwa, ufunguo mkuu umo katika kumbukumbu ya muda, na mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwamba yaliyomo humo hubaki kwa muda baada ya umeme kukatika, na hudumu zaidi vipande vya kumbukumbu vikipozwa sana. Anayesafiri na azime kabisa. Aidha, diski iliyosimbwa haimzuii anayeingia kwa njia ya mtandao: katika uvamizi uliolipata shirika la kutunza nywila la LastPass mwaka 2022, wavamizi walitumia kasoro ya programu ya burudani katika kompyuta ya nyumbani ya mhandisi mmoja, wakapandikiza kinasa vibonyezo, wakainasa nywila yake kuu alipokuwa akiichapa.

Kuhusu funguo, chombo kikuu ni SSH, njia ya kuingia katika seva ya mbali kwa mawasiliano yaliyosimbwa, ambayo Tatu Ylönen aliiunda nchini Finland mwaka 1995 baada ya nywila kunaswa katika mtandao wa chuo chake. Mtumiaji huwa na funguo mbili, wa umma unaowekwa kwenye seva na wa siri usiotoka kwake, na huu wa siri haufai kuachwa bila nywila ingawa programu huruhusu. Njia iliyo imara zaidi, inayowezekana tangu toleo la 8.2 la OpenSSH la mwaka 2020, ni kuutegemeza ufunguo wa siri kwenye kifaa kidogo cha USB ambacho hudai kuguswa kwa kidole kila unapotumika, kiasi kwamba faili iliyoibwa kutoka kwenye diski haimfai mwizi pasipo kifaa chenyewe.

Penye seva nyingi, baadhi ya watu huruhusu uwezo wa funguo zao uwafuate hadi kwenye seva ya katikati, wakisahau kwamba aliyeiteka seva hiyo anaweza kuingia kwingine kwa jina lao wakati wote muunganiko uko wazi. Amri ya ProxyJump huondoa hatari hiyo, kwani seva ya katikati hupitisha tu mawasiliano ambayo yenyewe haiwezi kuyafumbua. Na kila kompyuta iwe na ufunguo wake, usionakiliwa kutoka nyingine, ili ikipotea moja, msimamizi aufute mstari mmoja tu katika orodha ya funguo zinazokubaliwa na seva, huku kompyuta nyingine za mfanyakazi huyo zikiendelea na kazi.