Udaktari Huanza Gredi ya 10

Mzazi wa Lodwar au Kakuma, mtoto akikwambia ataka kuwa daktari, usingoje chuo kikuu. Uamuzi ni pale anapochagua masomo ya Gredi ya 10.

Katika mtaala mpya, mwanafunzi wa sekondari ya juu huchagua mkondo mmoja na masomo matatu. Mkondo wa STEM peke yake hautoshi, kwani humo mna pia kilimo, kompyuta na useremala. Wa udaktari ashike Biolojia, Kemia na Fizikia, pamoja na Hisabati kamili, si ile nyepesi ya mikondo mingine. Kemia hueleza dawa, Fizikia hueleza presha na eksirei, na dozi ya mtoto hupigiwa hesabu kwa kilo zake.

Basi iulize shule: masomo yote matatu yapo? Walimu na maabara je? Shule yenye jina lakini haina Fizikia haimfai mtoto huyu. Hata kwa mkimbizi wa Kakuma ni hivyo hivyo, mtihani ni mmoja.

Alama zisipofika, sayansi hizo hizo humsaidia kuomba nafasi KMTC, yenye tawi papo hapo Lodwar. Akiziacha mapema, kuzirudia ni kazi.