Mchezo Ungali Jikoni: Hadhira na Maonyesho ya Awali ya "Hamilton"

Je, unaweza kutoa pesa ulizozitolea jasho ununue chakula ambacho mpishi mwenyewe anakuambia, "Hakijaiva bado, lakini karibu uonje"? Nadhani utamtazama mara mbili kisha ushike njia. Lakini kule New York, Marekani, kwenye kumbi kubwa za maigizo za Broadway, watu hufanya hivyo kila msimu, na hata foleni hupanga. Maonyesho hayo huitwa maonyesho ya awali. Ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa, na mfano wangu ni "Hamilton", mchezo wa nyimbo za hip-hop ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mchezo mpya ukishafanyiwa mazoezi ya kutosha haufunguliwi rasmi papo hapo. Kwanza huonyeshwa kwa wiki kadhaa mbele ya watu waliolipa, mara nane hivi kwa juma. Wahakiki wa magazeti hawaalikwi bado. Mwandishi na mwelekezi hukaa nyuma gizani, daftari mapajani, na wala hawatazami jukwaa sana. Hutazama visogo vya watu. Nani anakohoa? Nani amesinzia? Watu wamecheka pale palipokusudiwa, ama wamecheka pale mtu anapokufa? Kesho yake mchana waigizaji hupewa maneno mapya, wimbo hukatwa au kuhamishwa, na jioni mchezo huonyeshwa hivyo hivyo ulivyogeuzwa. (Hebu fikiria kupewa ubeti mpya saa nane mchana, uuseme mbele ya watu elfu moja saa mbili usiku! Sisi hupewa shairi la beti nne wiki nzima na bado tunagugumia.) Siku chache kabla ya ufunguzi hutolewa amri kwamba hakuna kubadilisha tena hata nukta. Ndipo wahakiki huja na kalamu zao.

Kipindi hicho kinaweza kuwa kifupi au kirefu. Mchezo wa "Spider-Man: Turn Off the Dark", uliojaa watu wa kurushwa hewani kwa kamba, ulikaa katika hali hiyo kwa maonyesho 182, tangu Novemba 2010 hadi Juni 2011. Wahakiki walichoka kungoja, wakaenda na kuandika kabla ya siku yao. Hiyo si ajabu. Hata uji ukikaa jikoni sana majirani huja kuchungulia.

Basi turudi kwa "Hamilton". Mtunzi wake ni Lin-Manuel Miranda, mzaliwa wa New York ambaye wazazi wake walitoka Puerto Rico. Alikuwa tayari na jina kwa mchezo wake "In the Heights", uliofunguliwa Broadway mwaka 2008 na kutwaa tuzo ya Tony ya mchezo bora wa nyimbo. Mwaka huo huo, akiwa likizoni, alisoma kitabu kinene cha Ron Chernow juu ya maisha ya Alexander Hamilton. Huyu alikuwa yatima kutoka visiwa vya Karibi, akahamia Marekani, akawa Waziri wa Fedha wa kwanza wa nchi ile, na mwaka 1804 akapigwa risasi na Aaron Burr, makamu wa rais, katika shindano la bastola. Miranda aliona kwamba kijana maskini anayejiinua kwa kalamu na ulimi ni mtu wa hip-hop hasa, hata kama alivaa soksi ndefu na kufunga nywele utepe.

Hadhira ya kwanza kabisa kuonja wazo hilo ilikuwa Ikulu ya Marekani, tarehe 12 Mei 2009. Miranda alialikwa kuimba mbele ya Rais Obama na mkewe. Alitarajiwa aimbe kitu kutoka "In the Heights", lakini akasema anatunga nyimbo za hip-hop juu ya Waziri wa Fedha. Watu wakaangua kicheko! Kanda ya video ya usiku huo ipo, na kicheko kinasikika waziwazi. Nilipoitazama nilimkasirikia kila aliyecheka. Lakini nikiitazama tena naona kicheko kile kilikuwa na maana. Walicheka kwa sababu vitu viwili ambavyo hawajawahi kuviona vimeketi pamoja vimewekwa kwenye kiti kimoja. Miranda hakuacha, alianza kufoka, piano ikimfuata, na kicheko kikapungua kidogo kidogo watu walipoanza kufuata kisa. Alipomaliza walisimama kumpigia makofi. Kwa hiyo alijua jambo moja miaka sita kabla ya mchezo kuonyeshwa: watacheka kwanza, kisha watasikiliza, mradi kisa kiwe na nguvu.

Maonyesho ya awali ya mchezo mzima yalianza tarehe 20 Januari 2015 katika Public Theater, kwenye ukumbi mdogo wa viti 299. Mwelekezi alikuwa Thomas Kail. Watu waliochezwa ni wazungu wa karne ya 18, yaani Washington, Jefferson, Burr na wenzao, lakini karibu wote walichezwa na waigizaji weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Hofu kubwa, nijuavyo mimi, haikuwa rangi peke yake. Ilikuwa maneno. Mchezo una maneno zaidi ya 20,000, na wengi wa wanaokwenda Broadway ni wazungu waliopita umri wa miaka 40, watu ambao hawakulelewa na muziki wa kufoka. Watayashika?

Hapo ndipo ujanja wa mtunzi ulipo, nami naupenda kuliko kitu kingine chochote katika mchezo huu. Anaifundisha hadhira kusikia. Wimbo wa kwanza unaanza polepole, karibu kama hadithi ya kando ya moto, na kila mhusika anaongeza kipande chake. Mfaransa Lafayette anapoingia Kiingereza chake ni cha kubabaika, na tungo zake ni rahisi. Katikati ya vita, yule yule Lafayette anafoka maneno zaidi ya sita kwa sekunde moja! Yeye ameijua lugha, na masikio ya watazamaji nayo yamenolewa bila wao kujua. Mama aliyeingia akidhani atasikia kelele tupu anajikuta anatikisa kichwa.

Kisha kuna jambo la makofi. Kabla ya vita vya Yorktown, Hamilton na Lafayette wanakutana na kujisifu kwa mstari mmoja mfupi kwamba wahamiaji ndio wanaoifanya kazi ikamilike. Mstari huo ulipasua ukumbi. Watu walishangilia kwa sauti hata maneno yaliyofuata yakamezwa. Miranda ameeleza kwamba ilibidi waongeze mapigo kadhaa ya muziki mahali pale, wapigaji ala wajizungushe tu, mpaka kelele zitulie. Fikiria, hadhira imeandika sehemu ya muziki! Hakuna aliyeomba, walipiga makofi tu, na daftari la gizani likaandika.

Wenzetu wa mwambao hawatashangaa. Katika taarab, mtu akisikia ubeti unaomgusa, huinuka akaenda kumtunza mwimbaji pesa. Mara nyingi si kwa sababu sauti ni tamu; ni kwamba fumbo lile ni lake, na anataka fulani aliyeketi kule aone kwamba ameinuka. Makofi ya mstari wa wahamiaji ni kutunza kwa namna hiyo. Mji wa New York umejaa watu ambao wao au wazazi wao walitoka kwingine. Aliyeshangilia alikuwa akisema: hapo umenitaja.

Vivyo hivyo mikutano ya baraza la mawaziri. Hamilton na Jefferson wanajibizana juu ya madeni ya serikali kwa kufoka, vipaza sauti mkononi, Washington akiwa mwamuzi, na wenzao wakizomea na kushangilia. Wamarekani waliona ni kitu kipya. Lakini Muyaka wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi juu ya vita na utawala wa miji yao zaidi ya miaka 200 iliyopita, na watu wakayakariri. Siasa kwa vina si ugeni kwetu. Kalamashaka walipofoka kwa Kiswahili kutoka Dandora katika miaka ya 1990, walikuwa wakiendeleza kitu cha zamani kwa mdundo mpya.

Mfalme wa Uingereza yeye hafoki. Anaimba wimbo mtamu wa mapenzi kwa koloni linalomwacha, akiahidi kutuma jeshi kuthibitisha mapenzi yake. Katika filamu iliyorekodiwa mbele ya hadhira halisi Juni 2016 na kutolewa mwaka 2020, utasikia watu wakivunjika mbavu. (Mwigizaji Jonathan Groff anaimba kwa bidii hata mate yanamtoka kidevuni.) Nadhani kila nchi iliyowahi kutawaliwa ingecheka pale pale bila kutafsiriwa.

Ufunguzi wa Public Theater ulikuwa tarehe 17 Februari 2015 na tikiti zikagombaniwa kama mpira wa kona. Wengine wangehamia Broadway mwezi uliofuata ili wawahi tuzo za mwaka huo. Wao walikataa pupa. Wakatumia miezi kadhaa kupunguza na kukaza, na kwa mfano wimbo mmoja mzima wa Angelica, shemeji yake Hamilton, ukaondolewa. Maonyesho ya awali ya Broadway yalianza tarehe 13 Julai 2015 katika Richard Rodgers Theatre, wenye viti zaidi ya 1,300. Nje walijaa mamia ya watu wa bahati nasibu, kwa sababu viti vya mbele 21 viliuzwa kwa dola 10 tu, noti yenye picha ya Hamilton mwenyewe. Siku tano baadaye Obama alikuja na binti zake. Ufunguzi ulikuwa tarehe 6 Agosti, na mwaka 2016 mchezo ukapata tuzo 11 za Tony.

Usidhani hip-hop peke yake inatosha. Mwaka mmoja kabla, 2014, mchezo wa "Holler If Ya Hear Me" wenye nyimbo za Tupac Shakur ulifika Broadway, ukaongozwa na Kenny Leon, mwelekezi hodari, na mshairi Saul Williams akaigiza. Nao ulipitia maonyesho ya awali kama kawaida. Ulifunguliwa tarehe 19 Juni na kufungwa tarehe 20 Julai, mwezi mmoja tu. Tikiti hazikununuliwa. Waliompenda Tupac wapo kwa mamilioni, lakini wangapi kati yao huwa na dola za Broadway mfukoni? Daftari la gizani huandika ya walioingia. Waliobaki nje hawakohoi wakasikika.

Hapo ndipo mimi huyatilia makofi shaka kidogo. Miranda alitunga malumbano ya tatu ya baraza, juu ya utumwa, akayatoa kabla ya kufika Broadway, kwani hakuna kati ya wakubwa wale aliyechukua hatua ya maana, hivyo hadithi haikusonga. Sababu hiyo naielewa. Lakini Washington na Jefferson walimiliki watumwa, na baadaye wanahistoria na waandishi kama Ishmael Reed waliuliza kwa nini waigizaji weusi wawaimbe watu hao kwa shangwe kiasi kile. Ukumbi uliokuwa ukishangilia haukuuliza. Na kufikia 2016 viti vizuri kabisa viliuzwa kwa dola 849 kimoja. Afadhali kulikuwa na mpango, wakfu wa Rockefeller ukisaidia, uliowaingiza wanafunzi 20,000 wa shule za New York kwa dola 10 kila mmoja. Asubuhi wanafunzi walipanda jukwaa lile lile wakatoa tungo zao wenyewe juu ya historia, waigizaji wakiwatazama, kisha mchana wakatazama mchezo.

Nasi tunayo maonyesho ya awali, ila hatuyaiti hivyo. Kabla ya tamasha la drama kila igizo huonyeshwa ukumbini kwetu. Tatizo ni kwamba tunashangilia marafiki. Fulani wa darasa letu akitokea na kofia tu, kelele! Mwelekezi gizani ataandika nini? Igizo la chama chetu mwaka huu lina sehemu ya kufoka kwa Kiswahili, beti kumi na mbili, juu ya kijana aliyefukuzwa nyumbani kwa karo. Walimu wawili wanataka iondolewe kwa kuwa, eti, maneno hayasikiki na ni kelele za matatu. Wengine, mimi nikiwa mmoja wao, tunataka ibaki. Litaonyeshwa Ijumaa saa tisa alasiri, kabla hamjakimbilia stejini. Njooni mkae, hasa mkae nyuma ambako sauti hufika kwa shida, na msishangilie mtu kabla hajafungua kinywa. Neno likiwapotea, potewa waziwazi. Mkichoka, kohoeni. Daftari nitalishika mimi.