Kijivu cha mkaa sebuleni: Piga hesabu hizi kabla hujamwita fundi rangi

Nyumba nyingi za Kahama, Shinyanga mjini na Geita zinajengwa kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwakani bati. Ikifika zamu ya rangi, picha za mtandaoni zinamvuta mwenye nyumba kwenye kijivu kilichokolea, kile cha mkaa. Kinapendeza, lakini ukikosea, kukirudisha kuwa cheupe ni gharama nyingine.

Mwanga
Ukuta mweupe hurudisha asilimia 80 hivi ya mwanga unaoupiga. Kijivu cha mkaa hurudisha chini ya asilimia 15, unaobaki kinaumeza. Kwenye sebule yenye madirisha mapana haina shida. Kwenye chumba chenye dirisha moja dogo, taa itawaka hadi mchana, na umeme ukikatika jioni mtoto hatasoma kwa tochi ya simu.

Joto
Wengi wanahofia nyumba itageuka tanuri. Ni kweli rangi nyeusi hunyonya joto la jua, ila jua haliupigi sana ukuta wa ndani. Joto kubwa linashuka kutoka kwenye bati, hasa kama hakuna silingi. Hofu hiyo iweke kwenye bati na kuta za nje: huko rangi iliyokolea inaongeza joto kweli.

Vumbi
Anayekaa kando ya barabara ya vumbi ajiandae. Vumbi na alama za vidole vinaonekana upesi kwenye rangi hii. Rangi isiyong'aa inaficha mawimbi ya plasta, lakini ukiifuta inaacha mabaka. Yenye mng'ao kidogo inafutika, ila inaanika kila kosa la fundi. Usimruhusu aruke hatua ya puti na msasa.

Ndoo ngapi?
Lita 1 ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Ukuta mmoja wa mita 4 kwa 3 ukipigwa mikono miwili unakula lita 2 na kidogo, yaani kopo la lita 4 linatosha na chenji inabaki. Chumba kizima cha mita 3 kwa 4 kinataka lita 7 hivi.

Ndiyo maana ukuta mmoja tu, ule wa nyuma ya televisheni au kitanda, mara nyingi unatosha. Kuta tatu na silingi zibaki nyeupe au krimu.

Hatari iliyo chini ya rangi mpya
Tatizo kubwa linaweza kuwa rangi ya zamani. Baadhi ya rangi za mafuta, hasa za njano, chungwa na nyekundu, zimewahi kuwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi. Kama ukuta ulipakwa rangi hizo, usikwangue mkavu. Lowesha kwanza, fundi avae barakoa, watoto na wajawazito wakae mbali hadi vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi. Unaponunua rangi mpya, tafuta alama ya TBS na maandishi yanayosema haina risasi.

Jaribu kwanza
Nunua kopo dogo kabisa, paka kipande cha ukuta, kisha kiangalie asubuhi, mchana na usiku taa ikiwa imewashwa. Ukiridhika mara zote tatu, mpigie fundi.