Tela la Mifugo Haliwi Nyumba kwa Kutiwa Kitanda

Katika kata ya Ziwani, wilayani Mtwara, yupo kijana mmoja aliyenunua tela kuukuu lililokuwa likichukulia ng'ombe. Sehemu ya mbele ameikata kwa ukuta wa mbao, akatia kitanda, rafu na jiko la mkaa. Sehemu ya nyuma ameibakiza kwa ajili ya mbuzi. Nia yake ni kuzunguka minadani akiwa na mifugo yake, na usiku alale hapo hapo, badala ya kulipia chumba cha wageni na kuacha mali yake mikononi mwa mlinzi asiyemjua. Baadhi ya wapita njia wamemcheka. Sisi hatukucheka. Tuliona akili na juhudi. Lakini tuliona pia hatari, na ndiyo iliyotufanya tushike kalamu leo.

Haja aliyonayo kijana huyu si yake peke yake. Tangu mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipohamishwa kutoka bonde la Ihefu na baadhi yao kuelekezwa mkoani Lindi, malori ya mifugo si kitu kigeni tena kusini. Walinzi wa korosho hulala maghalani wakati wa msimu. Wavuvi wanaokwenda dago hulala vibandani kwa miezi. Muuguzi au mwalimu anayepangiwa kijiji cha mbali mara nyingi hukuta kazi ipo lakini nyumba haipo. Wote hao, chumba kinachoweza kuvutwa kwa trekta kingewafaa. Kwa hiyo swali letu si kama jambo hili lifanyike. Swali ni lifanyike vipi, na nani awajibike likifanyika vibaya.

Wenzetu wa Marekani wamelifanya jambo hili kwa miaka mingi, na wao hulifanyia farasi. Mwenye farasi wa mashindano huvuta tela lake kwa mamia ya kilomita. Nyuma wamo farasi, mbele mna chumba chenye kitanda, jiko, pipa la maji na choo. Kitanda mara nyingi hujengwa juu ya shingo ya tela, ile sehemu inayopanda juu ya gari linalovuta. Wapo wanaonunua tela lililokwisha kutengenezwa hivyo kiwandani, na wapo wanaonunua tela tupu na kuligeuza wenyewe uani kwao. Hao wa pili ndio wenye mafunzo kwetu, maana makosa yao ndiyo hayo hayo tuliyoyaona Ziwani.

Wala wazo lenyewe si geni katika dini na bahari yetu. Tuliosoma chuoni tunakumbuka safina ya Nabii Nuhu, ambayo wafasiri wamesimulia kuwa ilikuwa na tabaka tatu: wanyama chini, wanadamu katikati, ndege juu. Katika karne ya 13, msafiri Marco Polo wa Venice aliviona vyombo vya Hormuz, vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi kama mtepe wetu wa kale. Shehena ilifunikwa ngozi, na juu ya ngozi wakasimamishwa farasi wa kuuzwa Bara Hindi. Lakini msafiri huyo hakuvisifu. Alisema vilikuwa vyombo vya hatari na vingi vilizama. Basi tofauti ya safina na vyombo vile ni mpango: safina ilimpa kila kiumbe mahali pake.

Ndugu zetu wa visiwani huenda wakauliza, tela la bara linatuhusu nini sisi watu wa bahari? Tunawajibu kwamba wao ndio walimu. Jahazi ni chombo cha mzigo ambacho watu huishi ndani yake, na kanuni zinazomfikisha baharia salama ndizo zinazokosekana katika tela lile. Tutazitaja moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni hewa. Baharia hulala juu, penye upepo. Hajifungii ngamani pamoja na shehena. Sanduku la bati lililofungwa ni kaburi. Mwezi Machi 2020, katika jimbo la Tete nchini Msumbiji, jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, lori lenye kontena lilisimamishwa na kufunguliwa. Ndani walikutwa wahamiaji 64, walioaminiwa kuwa Waethiopia, wamekufa kwa kukosa hewa. Waliokuwa hai walikuwa 14 tu. Wale walifichwa na wafanya magendo, na kijana wetu hafichwi na mtu. Lakini hewa haiulizi sababu. Chumba cha tela kinataka madirisha mawili yanayotazamana, na tundu la juu la kutolea joto, yote yakiwa na wavu, kwa sababu mwambao huu ni mwambao wa malaria. Tela linapoegeshwa, paa la pili la makuti, lililoinuliwa kidogo juu ya bati, litapunguza ukali wa jua kwa gharama ndogo.

Ya pili ni moto. Jahazini moto hukaa ndani ya kasha lililojazwa mchanga, tena mahali pa wazi. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haisikii, humwongezea usingizi hata asiamke tena. Kwa hiyo jiko la mkaa lisiingie kabisa katika chumba cha tela, hata kwa usiku mmoja wa mvua. Mtungi wa gesi nao ukae nje, katika kisanduku chenye matundu chini, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni.

Ya tatu ni uzito. Hakuna nahodha anayeng'oa nanga bila kujua farumi yake imelala wapi. Tela nalo lina farumi. Farasi mmoja mkubwa ana uzito wa kilo 500 hivi, na lililotengenezwa kwa farasi wawili limekadiriwa kwa mzigo huo. Ukitia kabati, kitanda na pipa la maji la lita 200, ambalo maji yake peke yake ni kilo 200, umeshapakia mzigo kabla ya kupakia mnyama hata mmoja. Kwa tela la kawaida linalofungwa nyuma ya gari, mafundi hutaka kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote kikandamize ndoano ya kuvutia. Uzito ukizidi nyuma, tela hupepesuka, na gari huenda likafuata. Aidha, fundi anayekata mbavu za chuma ili apate mlango au dirisha, bila kurudishia nguvu kwa kuchomelea fremu, amelivunja tela mgongo ingawa kwa macho linaonekana zima.

Ya nne ni usafi. Mkojo wa mnyama huoza mbao na hutoa harufu kali inayochoma macho na mapafu. Kwa hiyo ukuta baina ya mtu na mnyama usiwe wa mbao zenye nyufa. Uzibwe kuanzia sakafuni hadi darini, na sakafu ya wanyama iwe na mteremko wa kutolea maji nje. Kabla ya yote, mbao za zamani zing'olewe, ili chuma cha chini kionekane kama hakijaliwa na kutu. Na choo je? Jahazini huning'inizwa nje ya tezi, bahari ikamaliza kazi. Nchi kavu haina ukarimu huo. Kinachomwagwa leo kando ya barabara kesho kimo katika kisima cha mtu, au kimeshuka hadi mikokoni, katika maji ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000 kuanzia Ghuba ya Mnazi hadi mdomo wa Ruvuma.

Ya tano ni mlango. Milango ya matela ya wanyama hukomewa kwa nje, kwa sababu mnyama hapaswi kujifungulia. Mwanadamu anapaswa. Chumba ambacho aliyemo hawezi kukifungua mwenyewe, gizani, moto ukiwaka, si chumba bali ni kizimba. Pawepo milango miwili, au mlango na dirisha pana la kupenya mtu, na komeo liwe ndani. Wala asilale mtu humo tela likiwa linavutwa.

Sasa tunageukia upande wa maofisa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikwenda vijijini kwa redio na vikundi vya kujifunza, ikatufundisha kwamba afya huanzia nyumbani na mazingira yake. Haikungoja maradhi yaue ndipo ifundishe. Moyo ule ndio unaotakiwa hapa. Mafunzo ya uchomeleaji yanatolewa Mtwara na VETA. SIDO ipo kwa ajili ya viwanda vidogo. Haitashinda nguvu zetu vyombo hivi vikae na bwana afya na askari wa usalama barabarani, wachore mchoro mmoja wa tela la kuishi, wenye kanuni hizi tano, kisha ubandikwe katika kila karakana. Fundi akiufuata, apewe sifa. Akiukiuka, asipewe kibali.

Tunasema hivi kwa sababu njia iliyo nyepesi kwa mtendaji ni kupiga marufuku. Marufuku haitampa kijana wa Ziwani pa kulala. Itamfanya alale kwa kujificha, mlango umefungwa na jiko likiwaka. Uongozi ni dhamana, na dhamana ya roho za watu haitimizwi kwa kuzuia tu juhudi zao.

Kwa kijana mwenyewe, neno letu ni fupi. Alitoe lile jiko leo hii, ahamishe komeo la mlango liwe ndani, kisha alipeleke tela kwa fundi kabla ya kulipeleka mnadani. Mbuzi wana bwana wa kuwatazama. Na yeye bwana wao ana watu wanaomngoja nyumbani.