Kuongeza springi hakuigeuzi pikapu kuwa Fuso

Anayetoka Kigali na pikapu ya karoti na vitunguu kwenda Grande Barrière hupita barabara ya lami, lakini ya milima. Akiwa Nyabihu yuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Akifika Rubavu, kando ya Ziwa Kivu, ameshuka hadi takriban mita 1,460. Akivuka kuingia Goma anakuta ardhi nyingine kabisa: mji ambao lava ya volkano Nyiragongo ilipita katikati yake Januari 2002, na mitaa yake mingi bado ina mawe makali. Safari ni moja, mitihani ni miwili: mteremko hupima breki, mawe hupima springi.

Wafanyabiashara wengi huuona mtihani wa pili tu. Gari likikaa chini nyuma, dawa wanayoijua ni kuongeza bamba la springi. Kazi hiyo inaweza kufanyika hata nyumbani, na inasaidia. Lakini ikifanywa nusunusu, huharibu kitu kingine ambacho mwenye gari hakioni.

Kila kifaa na kazi yake

Springi hubeba uzito. Shokapu, ambazo upande wa Goma huitwa amortiseri, hazibebi. Kazi yake ni kuituliza springi isirukeruke. Kwa hiyo gari linaloinama nyuma likipakiwa lina shida ya springi, na gari linalodundadunda baada ya kila shimo lina shida ya shokapu. Ukinunua shokapu ngumu kwa sababu gari limeinama, umelipia dawa ya ugonjwa mwingine.

Kabla ya kununua chochote, weka gari mahali tambarare na upime kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, gari likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo wako wa kawaida. Andika vipimo vya pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa chini, huenda bamba limevunjika. Kisha kandamiza kona ya gari na uachie: likidunda zaidi ya mara moja au mbili, shokapu imechoka. Ikivuja oili, usiijaribu tena. Kagua pia bushi. Mara nyingi kelele inayolaumiwa springi hutoka kwenye bushi zilizokwisha.

Kazi yenyewe, upande wa nyuma

Nunua shokapu mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, na yu-bolti mpya. Za zamani zilishavutika. Jioni ya kabla ya kazi, paka nati zote mafuta ya kulegeza kutu.

Chagua sakafu ya saruji, si changarawe ya volkano inayoteleza chini ya jeki. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe au magogo. Inua nyuma, weka stendi imara chini ya chesisi, na jeki ibaki imeshikilia ekseli. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Toa shokapu, kisha yu-bolti, ushushe ekseli kidogo kwa jeki, ndipo utoe bolti za ncha mbili za springi. Ukiongeza bamba, bana mabamba yote kwa vibano viwili kabla ya kufungua bolti ya katikati, kwa sababu mabamba hayo yamebanwa na huweza kufyatuka. Shokapu mpya isimamishe wima na uivute na kuisukuma mara kadhaa kabla ya kuifunga. Yu-bolti zikaze kwa zamu, kwa mshazari, ili zishike sawa. Bolti za ncha za springi zikaze mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza likiwa hewani, bushi za mpira hujipinda na kuchanika mapema. Baada ya safari ya kwanza, kaza yu-bolti tena.

Upande wa mbele mpelekee fundi mwenye kifaa cha kubana springi za mviringo. Springi hiyo ikifyatuka inaua.

Hatari iliyojificha

Pikapu nyingi, zikiwemo Hilux za miaka ya nyuma, zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Bodi ikishuka, vali hutambua kuwa kuna mzigo na huongeza nguvu ya breki nyuma. Ukifunga springi ngumu, bodi haishuki tena. Vali hudhani gari ni tupu, na magurudumu ya nyuma hupata breki ndogo wakati umebeba mzigo mzima. Hapo magurudumu ya mbele hufanya kazi peke yake, yanachemka, na breki zinalegea ukiwa bado katikati ya mteremko wa kuingia Rubavu.

Kwa hiyo baada ya kubadilisha springi, mwambie fundi wa breki arekebishe vali hiyo. Rekebisha na taa za mbele, kwani kimo cha gari kikibadilika, mwanga nao huhama.

Mzigo ni ule ule

Springi mpya hazibadilishi uzito ulioandikwa kwenye hati za gari. Pikapu nyingi za aina hii hubeba takriban tani moja, na baadhi chini ya hapo, abiria wakiwemo. Chesisi, ekseli, matairi na breki vimebaki vilevile. Tena springi ngumu kupita kiasi huumiza bidhaa: pikapu isiyo na mzigo wa kutosha huruka juu ya mawe, na nyanya na mayai ndiyo yanayolipa.

Anayepakia kiasi cha kawaida na kukuta gari limeinama, abadilishe springi zilizochoka kwa nyingine za kiwango kile kile, au aongeze bamba moja tu. Mwenye mzigo wa tani mbili afanye safari mbili, au akodi Fuso kwa kushirikiana na wenzake. Gharama hiyo igawanywe hapa mpakani, kabla haijadaiwa na mteremko.