Renti Tunalipa, Benki Haioni

Maze, tuongee keja. Si za kupanga, za kununua. Pita Thika Road ama Mombasa Road uone mabango: bedroom mbili, inaanzia mita tano, dipo kidogo tu. Msee anapiga picha, anatuma kwa grupu ya mbogi, anasema huu mwaka lazima. Kenye hiyo bango haikuambii ni bei ya doo yenyewe utakopa.

Piga hesabu. Keja ya mita 5, benki ikupee yote kwa riba ya asilimia 14, ulipe miaka 20. Kila mwezi unatoa kama ngiri 62. Ukimaliza umeacha kwa benki karibu mita 15. Keja ni moja, umeilipia mara tatu! Halafu sheria ya kazi inasema makato hayafai kupita theluthi mbili za mshahara, so kama paislipi yako si nono, hata fomu hawakupatii. Ndio maana Kenya nzima mogeji ni kama elfu 30 hivi. Wenye wako nazo ukiwakusanya, hawajazi Kasarani.

Sasa shusha hiyo riba ifike 9. Keja ni ile ile, ukuta ni ule ule, lakini mwezi unalipa ngiri 45. Hizo 17 zinalisha mtoi na kumlipia shule. Kampuni ya KMRC ilianzishwa 2018 juu ya hiyo maneno: inakopesha benki na sako doo ya bei poa ndio nazo zikukopeshe chini ya 10. Wazo ni fiti. Shida inabaki mlangoni, penye unaulizwa paislipi.

Na hapa ndio mimi huwaka. Kijana wa kinyozi, dem wa salon, fundi wa simu, msee wa boda, wote wanalipanga renti kila mwezi kabla ya tarehe tano, mwaka baada ya mwaka, bila kukosa, juu ukichelewa keateka anakufungia mlango. Rekodi iko kwa M-Pesa, kila shilingi na tarehe yake. Msee amelipa ngiri 15 miaka nane bila kuruka ameprove nini tena? Lakini akifika benki hiyo yote ni hewa. Mimi nasema renti ihesabiwe. Iwe ndio paislipi ya hustler.

Wazee wetu walipata njia. Buru Buru ilijengwa miaka ya 70 hadi mwanzo wa 80, fesi tano, na doo ya CDC, shirika la maendeleo la Waingereza. Karani na ticha wakaingia na mogeji, wakalipa mdogo mdogo mpaka keja zikawa zao. Ile Buru yenye ilitupea mat kali na Sheng tamu ilikuwa mtaa wa wasee wa mshahara wa kawaida. Leo karani kama huyo anapanga bedsitter Roysambu.

Saizi kila paislipi inakatwa asilimia 1.5 ya nyumba, na mdosi anaongeza 1.5, sheria ilipita 2024. Kwa keja za huo mpango, Mukuru wasee walipewa funguo 2025, chumba kimoja chini ya ngiri 4 kwa mwezi, na mwisho wa siku ni yako. Hiyo imenionyesha kitu: doo ikiwa ya bei poa, msee wa mabati anaweza miliki. Tatizo ni majina ni mengi kuliko funguo, na si poa kungoja na umri unasonga.

So wengi wetu tunaingia na sako. Unaweka pole pole, unakopa mara tatu ya akiba, mabeshte wanakusimamia. Unachukua ploti ya 50 kwa 100 Joska ama Kamulu, unajenga chumba, unahamia, unaongeza kingine ukipata. Ni safari ndefu na mat za asubuhi ni noma, lakini landi hakupigii tena. Tu kabla utume hata jirongo moja, enda ofisi ya ardhi ufanye sachi mwenyewe, uone jina gani liko kwa hiyo taitoli. Ajenti akikuambia ameshakufanyia, enda bado.