Tahadhari Kabla ya Hatari

Mada yangu mwaka huu si tamu, lakini ni lazima isemwe: ubakaji na unajisi, na jinsi sisi wanafunzi tunavyoweza kujikinga.

Nianze na yaliyonipata mwenyewe nikiwa kidato cha pili. Kijana mmoja wa bodaboda, mtu tunayemjua, alinipa lifti ya bure siku tatu mfululizo nikitoka shule. Siku ya nne akaipita njia ya kwetu. Nikamwambia, "Kaka, nishushe hapa." Akacheka tu, akaongeza mwendo. Bahati yangu, mbele palikuwa na kina mama wakianua mwani. Nilipiga ukelele, akasimama. Usiku ule niliona uzito kumwambia mama. Niliogopa ataniuliza, "Nani alikutuma upande?" Hakuuliza. Alisema, "Mwanangu, umefanya vyema kusema," na asubuhi akaenda kwa mzee wa kijiji.

Somo la kwanza ni hili: mara nyingi adui si mgeni wa gizani. Ni jirani, jamaa, hata mwalimu, na huanza kwa vitu vidogo vidogo: lifti, chipsi, pesa za sodo. Ukisikia "usimwambie mamako," jua hapo pana jambo. Tutembee wawili wawili, na nyumbani wajue tuendako. Disko matanga tuziepuke. Lakini hata aliyekwenda huko hakuomba kubakwa. Kosa ni la mtenda.

Nanyi wavulana, msidhani makala haya hayawahusu. Usiku wa Julai 13, 1991, katika shule ya St. Kizito kule Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 71 walibakwa na 19 wakafariki. Wavamizi hawakuwa majambazi kutoka nje, walikuwa wanafunzi wenzao. Kwa hivyo ua wa shule pekee hautoshi. Anahitajika mvulana atakayemwambia mwenziwe, "Wacha!" Tena wavulana pia hunajisiwa, nao wasione haya kusema.

Je, likishatokea? Hapo kila saa ina thamani. Nenda hospitali upesi, kama ile ya Msambweni, kabla ya saa 72 kupita. Ndani ya muda huo utapewa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, zinazomezwa kwa siku 28, na msichana hupewa pia dawa ya kuzuia mimba. Usioge wala usifue nguo. Zitie katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu unyevu huharibu ushahidi. Kisha ripoti polisi upate fomu ya P3. Ukikosa wa kumwambia, piga 116, ni bure mchana na usiku.

Jambo la mwisho ni hili la kumalizana nyumbani. Wazee hukaa chini ya mwembe, pesa zikatolewa, na mtoto akaambiwa anyamaze. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, ambayo mswada wake uliletwa bungeni na Njoki Ndung'u, haikubali hayo. Mwenye kumnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 hufungwa miaka isiyopungua 20. Wa miaka 16 au 17, isiyopungua 15. Kusema "alikubali" hakumwokoi. Na kesi ikishafunguliwa, mzazi hana uwezo wa kuiondoa. Mwenye uwezo huo ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma pekee.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilisema, na leo naandika. Wako wenzetu ambao hawakuwakuta kina mama njiani, na bado wamenyamaza. Kama wewe ni mmoja wao, aibu si yako. Sema.